Je, Puli ni Michezo au ni Mchezo Tu?

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwenye mkutano wa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya sehemu yetu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kumtuma mtu. Yasomeni kwa sauti mkutanoni, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

  

Sisi wa ofisi ya maendeleo tumezoea kuitwa kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji ya mvua, na namna ya kuandika kitabu cha fedha. Safari hii barua iliyotufikia ilikuwa na swali moja tu: "Puli ni michezo, au ni mchezo tu?" Tuseme ukweli, tulicheka. Puli ni ule mchezo wa meza yenye kitambaa cha kijani, mashimo sita, fimbo na mipira midogo ya rangi. Siku hizi ukipita sokoni utauona. Tukajiuliza, hilo nalo ni jambo la kuitia mkutano?

Tulipofika kwa kikundi chenyewe kicheko kiliisha. Kikundi kina wanachama 22, wazee na vijana pamoja. Vijana tisa wameomba shilingi 45,000 kutoka mfuko wa kikundi wanunue meza ya puli iliyotumika, waiweke katika chumba kimoja pale sokoni. Sababu yao ni hii: mwaka jana kikundi kilinunua mpira na jezi kwa shilingi 6,500, na hakuna aliyepinga, kwa kuwa mpira ni michezo. Basi na puli ni michezo. Wazee wakajibu, "Hapana. Mpira ni michezo. Puli ni mchezo tu, na fedha za kikundi hazichezewi." Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Akina mama wawili wakaomba warudishiwe hisa zao.

Mmeona? Kikundi cha miaka saba kimefika ukingoni kwa sababu ya neno moja. Kwa hivyo leo tutalichukua neno hilo polepole.

KISWAHILI HAKITATUAMULIA

Kwanza tujue kwamba lugha yetu haitatusaidia sana hapa. Kiswahili kina neno moja. Kandanda ni mchezo. Bao ni mchezo. Karata ni mchezo. Wanafunzi wakiigiza jukwaani, huo ni mchezo. Wenzetu wa Tanzania wakichanga fedha na kupeana kwa zamu, nao husema wanacheza mchezo. Na mtoto akipanda juu ya paa mama yake humwambia, "Wewe, acha mchezo!"

Wenye Kiingereza wana maneno mawili. Moja ni la mashindano yanayotaka nguvu na ustadi wa mwili. La pili ni la mchezo wowote wenye kanuni, hata wa kukaa kitini. Ndiyo sababu wao wamebishana miaka mingi kama puli iingie huku au kule. Sisi tumeyachukua mabishano yao, ilhali neno letu linabeba yote mawili. Basi tuyaache maneno, tutazame jambo lenyewe.

VIJANA WANA HAKI YAO

Wazee wetu, mtuvumilie. Tutaanza na vijana kwa sababu hawakusema uongo.

Mchezo huu haukuzaliwa kwenye baa. Ulitoka Ulaya, ambako watu waligonga mipira kwa fimbo nje juu ya nyasi. Katika karne ya 15 ukaingizwa ndani ya nyumba na kuwekwa juu ya meza. Mfalme Louis XI wa Ufaransa alikuwa na meza yake. Kile kitambaa cha kijani mnachokiona ni ukumbusho wa nyasi.

Tena si mchezo wa kubahatisha. Katika puli ya kawaida kuna mipira 15 na mmoja mweupe wa kugongea. Mchezaji mmoja ana saba yenye rangi tupu, mwenzake ana saba yenye mistari, na ule mweusi wenye namba 8 huingizwa mwisho. Ukiuingiza mweusi kabla ya wakati wake umeshindwa. Anayejua huangalia mpira wa leo na wa kesho: akipiga huu, ule mweupe utasimama wapi ili apate wa pili? Ni kama mkulima anayepanda mahindi huku akijua maharagwe yataingia wapi.

Duniani nako kumekwisha kukubaliwa. Mwaka 1992 vyama vya biliadi, yaani puli na ndugu zake, viliungana katika shirikisho moja la dunia. Mwaka 1998 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua shirikisho hilo, na mwaka huo huo biliadi ikachezwa katika Michezo ya Asia mjini Bangkok, watu wakarudi kwao na medali. Katika Olimpiki yenyewe, lakini, haijapata kuingia.

Mzee mmoja alituuliza, "Mtu asiyetoka jasho atakuwaje mwanamichezo?" Swali zuri. Jibu ni hili. Katika mashindano makubwa wachezaji wa biliadi wamekatazwa kutumia dawa fulani za kupunguza mapigo ya moyo, kama walivyokatazwa wapiga mishale na wenye kulenga shabaha kwa bunduki. Kwa nini? Kwa sababu moyo ukienda mbio mkono hutetemeka, na mkono ukitetemeka mpira hauingii. Kumbe mwili umo kazini, ingawa shati ni kavu.

Na maskini ameinuka kwa puli. Kule Ufilipino yuko Efren Reyes, aliyezaliwa 1954. Alipelekwa akiwa mtoto kukaa na mjomba wake mjini Manila, ambaye alikuwa na nyumba ya kuchezea puli. Alikuwa mfupi, hata akasimama juu ya makreti ya soda ili aifikie meza. Wakamwita "Bata", neno ambalo kwao maana yake ni mtoto, si yule ndege wetu. Mwaka 1999 alishinda ubingwa wa dunia kule Cardiff, Wales. Lakini tusifiche upande wa pili: Efren alianza kucheza kwa dau akiwa angali mvulana. Hapo ndipo wazee wanapopata neno la kusema.

WAZEE NAO WANA HAKI YAO

Vijana, sasa ni zamu yenu kuvumilia.

Jina lenyewe limetoka kwenye fedha. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya fedha zilizowekwa pamoja ili mshindi azichukue. Marekani katika karne ya 19 kulikuwa na vyumba ambamo watu waliweka dau za mbio za farasi. Wenye vyumba wakaingiza meza za biliadi, ili wateja wapate la kufanya wakingoja mbio inayofuata. Jina la kile chumba likauhamia mchezo. Kwa hivyo mzee anayeiona puli na kunusa kamari hakuota ndoto.

Tazameni tofauti. Sisi wa vikundi nasi tunaweka fedha pamoja kila wiki. Lakini zetu huenda kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na aliyepokea hamwachi mwenzake akilia. Dau humwendea mshindi, na wengine hurudi nyumbani mikono mitupu.

Hata Katiba yetu ya 2010 imeviweka vitu hivi jirani. Katika Jedwali la Nne, panapotajwa kazi za serikali za kaunti, fungu moja linataja kamari, leseni za pombe, na pia michezo na mahali pa kuichezea. Fungu ni moja. Na pale sokoni je? Si ukuta ni mmoja?

Tena wako watoto. Sheria inasema aliye chini ya miaka 18 asicheze kamari wala asiuziwe pombe. Lakini meza ikikaa ndani ya baa, mvulana wa darasa la nane ataingia kwa mlango gani kucheza ule mchezo ambao si kamari? Mlango ni ule ule.

Yuko mama mmoja, ni kati ya wale wawili walioomba hisa zao. Ametupa ruhusa tuyaseme yake bila jina. Mwanawe ni kijana wa boda boda. Alikopa shilingi 6,000 kutoka kikundi anunue tairi na kulipa fundi. Jioni akapita pale kwenye meza kucheza mara moja tu. Anayeshindwa ndiye hulipia meza, hiyo ni shilingi 20. Lakini kando ya zile 20 kulikuwa na dau la 200, halafu 500, halafu akataka kurudisha alichopoteza. Kufika usiku, tairi halipo na fedha hazipo. Mama ndiye aliyekuwa mdhamini. Akauza kondoo wawili.

Tulipomwuliza maoni yake juu ya swali hili alitujibu hivi: "Mimi sijali kama ni michezo au ni mchezo. Mimi nataka kujua inafungwa saa ngapi."

Tafadhali mlishike neno hilo. Tutalirudia.

SISI WENYEWE TULIKOSEA

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa na kikundi kingine chenye ugomvi kama huu. Meza ilikuwa imewekwa kwenye kibanda kando ya posho mill, mahali peupe. Wazazi walilalamika, nasi bila kuuliza mengi tukasema, "Iondoeni." Ikaondolewa. Tukapigiwa makofi.

Baada ya miezi mitatu tulirudi kuangalia mradi wa nyuki. Meza ilikuwa imenunuliwa na mwenye baa, iko chumba cha nyuma, na vijana wameifuata. Wakati ule ikiwa kando ya posho mill, mama aliyeleta mahindi alimwona mwanawe akicheza. Sasa hamwoni. Tuliwanyang'anya wazazi macho, tukadhani tumewasaidia. Tuliomba radhi wakati ule na leo twaomba tena.

Tulijifunza nini? Meza ni mbao, jiwe na kitambaa. Yenyewe haina tabia. Tabia inatokana na mahali ilipo, saa inayochezwa, na fedha inayoizunguka.

KINACHOUFANYA MPIRA UWE MICHEZO

Kijana mmoja alisema kwa uchungu, "Wazee wanacheza bao chini ya mwembe tangu asubuhi hadi ng'ombe warudi, na hakuna anayeitisha mkutano!" Watu wakacheka sana. Mzee mmoja akajibu, "Ni kwa sababu bao haliniombi shilingi ishirini." Na yule kijana hakunyamaza: "Basi tuiondoe hiyo ishirini."

Ndugu zetu, pale ndipo tulipoona njia.

Fikirini mpira wa miguu. Kwa nini hatuna wasiwasi nao? Si kwa sababu ya jasho. Anayelima hutoka jasho zaidi, na hatumwiti mwanamichezo. Ni kwa sababu kuna uwanja unaoonekana, kuna refa, na kuna filimbi. Filimbi ya mwisho ikilia kila mtu huenda kwao, aliyeshinda na aliyeshindwa. Hakuna anayebaki uwanjani hadi usiku akitaka kurudisha bao alilofungwa.

Meza ya kutia sarafu haina filimbi. Mwenye meza hataki iishe, kwa kuwa kila mwisho ni shilingi 20 nyingine. Yule mama aliyeuliza "inafungwa saa ngapi" alikuwa anauliza filimbi iko wapi. Basi jibu letu ni hili: puli ni michezo pale penye filimbi. Pasipo na filimbi ni mchezo wa kupitisha wakati, na ukiweka dau juu yake ni kamari, hata kama dau ni chupa ya soda.

TUPIGE HESABU

Vijana walituambia meza ni michezo, halafu wakasema italeta faida. Hapo tukawashika kidogo.

Tuseme meza inacheza mara 15 kwa siku kwa shilingi 20. Hiyo ni 300. Kwa siku 26 ni shilingi 7,800. Toa kodi ya chumba 1,500. Toa 3,000 za anayelinda na kuandika. Toa 800 za chaki, ncha za fimbo na akiba ya kitambaa. Inabaki 2,500. Kurudisha 45,000 itachukua miezi 18, na hatujataja leseni ya kaunti.

Sasa ulizeni, zile 7,800 zimetoka wapi? Hazikutoka Nairobi. Zimetoka mifukoni mwa vijana hawa hawa, wana wa wanachama. Posho mill nayo huchukua fedha zetu, lakini huturudishia unga. Meza huturudishia kicheko. Kicheko kina thamani, hatukatai. Lakini kijana akicheza mara tano kwa siku na kushindwa zote, hizo ni shilingi 100, na kwa mwezi wa siku 26 ni 2,600. Baba mtu akopeshwe na kikundi, mtoto arudishe kikundini kwa meza, halafu tuite faida? Hapo tutakuwa tunahamisha maji kutoka debe moja hadi jingine huku yakimwagika njiani.

Kwa hivyo tunawaambia wazi. Mkisema ni michezo, msiahidi faida. Mkisema ni biashara, msijifiche nyuma ya neno michezo. Chagueni ukurasa mmoja katika kitabu.

USHAURI WETU

Uamuzi ni wa kikundi, si wetu. Lakini mmetuuliza, nasi tunasema kama mkichagua ukurasa wa michezo, mfanye hivi:

1. Mahali. Meza isiwe ndani ya baa wala kuwa jirani nayo. Iwe chumba chenye mlango ulio wazi upande wa njia, ili mama akipita amwone mwanawe.

2. Saa. Ifunguliwe saa kumi jioni, ifungwe saa kumi na mbili na nusu. Funguo mbili tofauti, moja kwa kijana na moja kwa mzee au mama, na mlango usifunguke bila zote mbili. Hiyo ndiyo filimbi yenu.

3. Fedha. Sarafu iondolewe, kama yule kijana alivyosema. Wachezaji walipe kiasi kidogo kila mwezi na kiandikwe. Dau ni marufuku, hata la soda. Atakayeshikwa akae nje miezi mitatu, awe mtoto wa mwenyekiti au wa nani.

4. Mashindano. Muwe na refa, ratiba ya mechi, na majina ukutani. Alikeni vikundi jirani. Na wasichana wapewe siku zao. Binti mmoja alitwambia hajawahi kuishika ile fimbo ingawa anaipenda, kwa sababu ya lugha inayotumika pale. Mkono wa msichana unalenga kama wa mvulana.

5. Gharama. Kikundi kilitoa 6,500 za mpira. Kikitoa kiasi kama hicho kwa puli kitakuwa kimetenda haki. Zinazobaki vijana wazitafute kwa jasho lao, kufyatua matofali au kuchimba mitaro, nasi tutawasaidia kupanga kazi. Mtu hatunzi kitu asichokitolea jasho.

Na kwa yule mama na mwenzake: tunawaomba msitoe hisa bado. Ngojeni mkutano mmoja. Ulizeni swali lenu la saa mbele ya watu wote, mkalidai jibu liandikwe kwenye kumbukumbu. Mkijibiwa ovyo, basi mna haki ya kuchukua chenu.

Kwa vijana: mmesema mnataka kuheshimiwa kama wanamichezo. Vyema. Mwanamichezo hujulikana filimbi inapolia, kama ataweka fimbo chini au la. Kwa wazee: kijana aliye mbele ya macho yenu ni nafuu kuliko aliye chumba cha nyuma. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wapeni nafasi ya kucheza kwao.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika soko lenu meza ya puli iko wapi, na ni nani anayeweza kuwaona wachezaji akiwa njiani?

2. Je, kikundi chenu kimewahi kukopesha fedha zikaishia kwenye kamari, ya meza au ya simu? Mdhamini alisaidiwaje?

3. Pigeni hesabu ya mradi mnaoupenda. Fedha zake zitatoka nje ya kijiji, au mifukoni mwenu wenyewe?

4. Vijana wenu wanacheza nini jioni, na filimbi yake ni ipi?